Mhakiki aseme gemu ameijaribu kwenye mashine gani

Ndugu Mhariri,

Uhakiki wa gemu unaochapishwa siku hizi humpa msomaji alama juu ya kumi na sifa za picha na muziki. Anayetaka kutoa pesa anauliza mengine: mhakiki ametumia mashine gani, sasisho namba ngapi, fremu (picha) ngapi kwa sekunde, inachukua GB ngapi, na je, gemu inafunguka bila intaneti?

Gemu ya Cyberpunk 2077 ingetosha kutufunza. Uhakiki uliruhusiwa tarehe 7 Desemba 2020, siku tatu kabla ya mauzo. Wahakiki walikuwa wamepewa toleo la kompyuta pekee, na hawakuruhusiwa kuonyesha video walizorekodi wenyewe. Alama zikapaa. Wenye PlayStation 4 na Xbox One wakakuta gemu inayokwama na kujizima, hadi Sony, wenye PlayStation, wakaiondoa kwenye duka lao la mtandaoni mwezi huohuo. Ikarudi Juni 2021. Wanunuzi hao walikuwa wamesoma sifa za toleo wasilolinunua.

Hata uhakiki wa kweli huchakaa. Crash Team Racing Nitro-Fueled ilitoka Juni 2019, ikapewa alama zake, na Agosti ndipo sarafu za ndani ya gemu zikaanza kuuzwa kwa pesa halisi. Mhakiki arudi baada ya miezi miwili, hata kwa aya moja.

Kwa sasa kinga ya mnunuzi ni masharti ya kurudishiwa pesa, na wengi hawayasomi. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hurudisha ndani ya siku 14 tangu ununuzi, mradi hujafikisha saa 2 za kucheza. PlayStation Store nayo hutoa siku 14, lakini ukishaanza kupakua umekosa, isipokuwa gemu iwe mbovu. Kwa hiyo zima upakuaji wa kiotomatiki kabla ya kununua.

Saa 2 za Steam huhesabu hata muda uliokaa kwenye menyu ukichonga pua ya mhusika wako. Zitumie kuijaribu gemu: ruka sinema za mwanzo. Weka mipangilio ya picha utakayoitumia kweli, nenda penye umati, pigana penye moto na moshi, hifadhi, funga, fungua tena, upite palepale. Ikikwama mara ya kwanza tu, huenda kompyuta ilikuwa ikitayarisha picha za eneo hilo. Ikikwama kila upitapo, hata ukishusha ubora wa picha, usijidanganye. Omba pesa zako.

Kuhusu bei, gemu kubwa zilianza kupanda kutoka dola 60 hadi 70 mwaka 2020, na 2025 Mario Kart World ikafika 80. Mwaka huohuo Hollow Knight: Silksong iliuzwa dola 20. Ukubwa wa bei hauniudhi kama kile kinachouzwa: nakala ya dijitali kwa kawaida huwezi kuiuza tena wala kumwazima rafiki, na mara nyingi hulipiwa sawa na diski.

Diski nayo si dawa. The Crew ya mwaka 2014 ilitegemea seva, yaani kompyuta za kampuni mtandaoni, hata ukicheza peke yako. Ubisoft, kampuni iliyoitoa, walizizima 31 Machi 2024, na mwenye diski akabaki na plastiki. Duka la mtandaoni la GOG hukuruhusu kupakua faili la kusakinisha ukalitunza mwenyewe. Hilo nalo liandikwe kando ya bei katika kila uhakiki.

Msomaji wako,
Mchezaji wa gemu