Xuebijing: tusiibeze, tusiikimbilie

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Xuebijing, dawa ya mitishamba ya China inayotumika kwa wagonjwa wa sepsisi (hali ya hatari ambapo mwili, ukipambana na maambukizi, huharibu viungo vyake wenyewe), imezua ubishi. Wapo wanaoibeza kwa kuwa ni ya Kichina, na wapo walioanza kuiulizia madukani. Mimi ni mfamasia, na juzi nimeulizwa kama ipo ya vidonge. Ni dripu hiyo, tena ya wagonjwa mahututi!

Wanaobeza niwaambie kwamba utafiti wake si wa kubabaisha. Matokeo yaliyotoka mwaka 2023 katika jarida la JAMA Internal Medicine yalihusu wagonjwa 1,817 katika hospitali 45 za China. Nusu walitundikiwa Xuebijing mililita 100 kila baada ya saa 12 kwa siku 5, nusu maji ya chumvi, bila wenyewe kujua wamepata ipi. Kufikia siku ya 28 walikuwa wamefariki asilimia 18.8 ya waliopata dawa, na asilimia 26.1 ya wenzao. Kwa ugonjwa huu, hiyo ni tofauti kubwa. Na sisi tuliozoea kuona sindano ya artesunate ikimwinua mtoto mwenye malaria kali hatuna sababu ya kucheka majani ya Wachina. Artesunate nayo asili yake ni mmea wa huko huko China.

Ila makala yenu iliruka jambo zito: wagonjwa wote hao waliendelea kupata antibayotiki na huduma nyingine za kawaida. Xuebijing iliongezwa tu. Anayesoma kichwa chenu cha habari, "Mitishamba yaishinda sepsisi", anaelewa kingine kabisa.

Isitoshe, sepsisi imeshawadanganya wengi. Xigris, dawa ya Kimarekani isiyo na uhusiano wowote na mitishamba, iliruhusiwa mwaka 2001 baada ya jaribio moja zuri la wagonjwa 1,690. Ilipojaribiwa tena faida haikuonekana, ikaondolewa sokoni mwaka 2011.

Hata maji ya chumvi yenyewe yametufunza. Mwaka huo huo wa 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 waliofika hospitali na homa kali, damu haizunguki vizuri. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka, utaratibu ulioaminika Ulaya kwa miaka, walikufa zaidi: kama asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 ya ambao hawakumiminiwa.

Sasa, wagonjwa wa China walikuwa na umri wa miaka 18 hadi 75. Wetu wengi ni watoto, wachanga hasa, na watu wazima wenye VVU. Tunachohitaji ni jaribio la huku, si kontena la dripu. Gazeti lenu lingefanya vema kuwauliza watafiti wetu kama kuna anayelipanga, na nani atalilipia.

Mfamasia,
Morogoro