Kuhusu ukuta wa chumba chako kipya

Rafiki yangu,

Salaam nyingi. Barua yako nimeipata, pamoja na mchoro wa chumba mnachokiongeza nyuma ya nyumba. Nimecheka peke yangu: umechora mpaka kitasa cha mlango, lakini unene wa ukuta nimeukuta umejificha pembeni kwa maandishi ya sisimizi. Milimita 140. Haya, nimeshika kalamu.

Unasema pamba ya kioo uliyonunua ya kujaza ukutani ina ukinzani wa 4, yaani nguvu ya kuzuia joto lisipite, kwa hiyo suala la baridi limekwisha. Namba yenyewe ni ya kweli. Unene wa mita 0.14 ukiugawa kwa upitishaji joto wa pamba hiyo, 0.035, unapata 4 kamili. Ongeza jasi ya ndani, milimita 12.5, ambayo haina msaada mkubwa: 0.05. Plaiwudi ya nje ya milimita 12, 0.09. Halafu kuna ile hewa tulivu inayoshikana na ukuta, ambayo nayo inahesabiwa: 0.13 ndani, 0.04 nje. Mbao za urembo za nje ziache, maana nyuma yake umeacha upenyo wa hewa. Jumla ni 4.31. Gawa 1 kwa hiyo, unapata 0.23: wati zinazopotea katika kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo ukuta ulivyo mzuri.

Sasa nguzo za mbao zinazosimama katikati ya pamba. Hapo ndipo nilipoteleza mimi.

Nilipoongeza chumba changu nilihesabu pamba tu, nikajipongeza. Msimu wa pili wa baridi, asubuhi moja jua likiingia kwa upande, nikaona ukutani mistari ya kijivu imesimama wima, hafifu, kama mtu kapitisha kitambaa kichafu. Nikagonga kwa kidole: kila mstari ulikuwa na nguzo nyuma yake. Pale jasi ilikuwa baridi kuliko penginepo, unyevu ukatua, na vumbi likanasa. Ukuta ulinichorea hesabu niliyoiruka.

Mbao hupitisha joto karibu mara nne ya pamba, chukua 0.13. Kwa hiyo kwenye nguzo zako ukinzani wa milimita 140 ni 1.08 tu, na ukijumlisha tabaka nyingine unafika 1.39. Gawa 1 kwa hiyo: ni 0.72 badala ya 0.23. Ukihesabu nguzo, mbao za juu na chini, na zile za kuzunguka dirisha, si ajabu zikachukua asilimia 15 ya ukuta. Changanya kwa uwiano huo: 0.85 mara 0.23, jumlisha 0.15 mara 0.72. Jibu ni kama 0.30. Ukuta wako umeharibika kwa karibu theluthi moja na hata msumari hujapigilia. (Wataalamu wana njia ndefu zaidi, ya kutafuta kikomo cha juu na cha chini kisha kuchukua wastani wa ukinzani. Kwa uamuzi wako hii inatosha.)

Usikimbilie kununua pamba nene zaidi. Chukua bodi ngumu la povu la milimita 40, lenye upitishaji wa 0.022, ulipitishe juu ya nguzo zote kwa ndani kabla ya jasi, bila kulikatiza. Nimerudia hesabu nzima: inashuka hadi 0.19. Milimita 40 zimefanya kazi hiyo kwa sababu zimezifunika nguzo. Karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu iwe upande wa joto, kati ya bodi na jasi. Ukiiweka upande wa nje, mvuke wa ndani utanaswa humo na mbao zitaoza kimyakimya.

Kitu kingine, nacho naona hukukifikiria kabisa. Tuseme ndani na nje kuna tofauti ya nyuzi 20. Ukuta wako wa mita za mraba 20, kwa 0.19, utapoteza kama wati 75. Dirisha lako la mita za mraba 3 tu, la vioo viwili vya kisasa lenye 1.4 kwa kipimo hicho hicho, litapoteza 84. Na hewa? Chumba cha mita za mraba 12 chenye kimo cha mita 2.4 kina mita za ujazo 29. Hewa yote ikibadilika mara moja kwa saa kupitia nyufa, ni wati 190. Mwanya chini ya mlango na pembe za dirisha zinashinda ukuta na dirisha kwa pamoja! Kwa hiyo ile gundi ya kuziba unayoiita anasa, mimi ningeinunua kabla ya bodi.

Pamba usiishindilie, ikibanwa inapoteza unene, na unene ndio kazi yake. Ikate ipite upana wa nafasi kwa kama milimita 10, ishike yenyewe bila kuacha mwanya pembeni.

Ile asilimia 15 ya mbao nimeikisia kwa kuutazama mchoro. Nenda na futi ukapime nguzo moja moja, pamoja na zile zilizopachikwa kwenye kona, unipe idadi. Na piga picha ya ukuta kabla hujafunga jasi, tafadhali.

Wasalimu wote nyumbani.

Wako,
mwenye ukuta wa mistari