"Isn't it" ya Zawadi

Halima ndugu yangu,

Salamu nyingi, sisi hatujambo. Nimepata barua yako na picha ya daftari la Zawadi. Viswali 10 vya mwisho wa sentensi, 7 vimekatwa, na 6 kati ya hivyo ni "isn't it". Tafadhali usimgombeze. Kwetu "sivyo?" hukaa popote: umekula, sivyo? Wataondoka, sivyo? Kwa Kiingereza kila sentensi huzaa kiswali chake.

Kwanza atafute kitenzi kisaidizi. "She can swim": kisaidizi ni can, basi "can't she?" Sentensi ikikubali, kiswali kinakanusha, ikikanusha, kiswali kinakubali: "They haven't eaten, have they?" Pasipo kisaidizi aazime do, does au did kufuata wakati: "Juma plays well, doesn't he?" Yeye kaandika "doesn't Juma?" Hapana, mwishoni hukaa kiwakilishi, si jina.

Ile 's nayo inamchanganya. "He's tired" ni is, "He's finished" ni has, kwa hiyo "hasn't he?" Asome neno linalofuata kabla hajaandika. Vivyo hivyo 'd: "She'd better go, hadn't she?" lakini "She'd rather stay, wouldn't she?"

Panapomwangusha hasa ni maneno yanayokanusha bila not: never, hardly, seldom. "He never calls, does he?" Few na little yamo humo pia, ila a few na a little hayamo! "Few people came, did they?" lakini "A few people came, didn't they?" Kijiherufi kimoja tu kimegeuza kila kitu.

Haya akariri tu: "I am late, aren't I?" "Let's go, shall we?" "Open the door, will you?" Everybody na nobody huchukua they.

Ila narudi kwenye "isn't it", maana nahofia akikatazwa sana ataikimbia hata mahali pake. "It's cold, isn't it?" ni sahihi kabisa. "That's your bag, isn't it?" pia, kwa kuwa this na that hugeuka it.

Na majibu je? Akiulizwa "You didn't sleep, did you?" sisi tungesema "Ndiyo, sikulala." Kiingereza hufuata ukweli wa jambo, si maneno ya muulizaji: "No, I didn't." Mzoeshe kwa mdomo, kuandika peke yake hakutoshi.

Mtihani ni lini hasa? Ni wa kuandika tu au na kuzungumza? Koma kabla ya kiswali anaweka, au ni picha haikuonyesha vizuri? Na Mwanaidi bado anamsaidia jioni? Nitumie ukurasa wa pili, ule uliokunjika. Sentensi ya 4 sikuweza kuisoma.

Wako,
Rehema