Kliniki ya wajawazito, tuulizeni na sisi tunaolala nao

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo.

Mke wangu alipobeba mimba yetu ya kwanza alianza kukoroma. Mwanzoni nikawa namtania, mama kijacho umefungua mashine ya kusaga, ila ilipofika miezi sita yale makoromo yakawa yanakatika ghafla, kimyaaa, nawasha simu nahesabu sekunde kumi, kumi na tano, mara anashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Asubuhi hakumbuki kitu, kichwa tu kinamuuma, mchana anasinzia mpaka mboga inaungulia jikoni. Mama mkwe akasema ndo mimba hiyo.

Kliniki hakukosa. Wanapima uzito, presha, mkojo, wingi wa damu, wanaulizia chandarua, wanajaza kadi, haya mwingine. Usingizi hakuna aliyeuliza. Na mimi siku ya kwanza si niliitwa tukapime HIV wote, nikakaa benchi masaa matatu, nikatobolewa kidole nikaenda zangu, kumbe mwenye jibu nilikuwa mimi, maana anayekoroma hajisikii.

Wiki ya 34 presha ikapanda akalazwa, ndo daktari mmoja kijana akaniuliza, anakoroma huyu? Nikamfungulia rekodi kwenye simu. Alhamdulillah mama na mtoto wazima.

Sisemi presha yake ililetwa na kukoroma, presha ina mambo mengi, na si kila anayekoroma ana tatizo. Lakini kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2017, wajawazito zaidi ya 3,000 wa mimba ya kwanza walilala na kifaa cha kupima pumzi nyumbani kwao, mimba ikiwa changa waliokutwa na shida ya pumzi usingizini ni 3.6%, katikati ya mimba wakafika 8.3%, na hao ndo walipata zaidi kisukari cha mimba na ile presha inayotangulia kifafa cha mimba. Na inaeleweka, mimba inavimbisha pua, mwili unaongezeka, tumbo linasukuma mapafu juu. Mnene au mwenye presha ya tangu zamani ndo zaidi.

Najua mtasema vifaa vya kupima usingizi viko wapi, na ile mashine ya kusukuma hewa puani mtu akilala nani atainunua. Sawa, na hata yale maswali ya kutafuta shida hii wanayoulizwa watu wasio na mimba, kwa mjamzito hayakamati vizuri. Ila swali halinunuliwi. WHO tangu 2016 wanataka mama aonwe mara 8, basi aulizwe angalau mara mbili, mwanzoni na baada ya miezi sita kwa sababu hali inabadilika, na mwenzie aulizwe pumzi inakata au haikati. Mwenye presha au unene na pumzi inakata apelekwe kwa daktari mapema, asisubiri kulazwa kama wangu.

Kwenye kadi nafasi ipo, pale pembeni ya presha.

Msomaji wenu,
Tanga