Mwanangu amehifadhi sura 22, sasa ananiuliza maana

Mhariri,

Asalaam aleikum. Mwanangu ana miaka 9, anasoma chuo cha Kurani mtaani kwetu Mombasa. Alianza An-Nas, sura ya mwisho ya Kurani, akapanda hadi Adh-Dhuha, sura 22, zote ziko kifuani. Tulifurahi mno. Sasa amefika Al-Layl, yenye aya 21, na huu ni mwezi wa pili haipiti. Akirudi chuoni hasemi na mtu. Ukimtajia chuo, machozi yanamlenga.

Juzi aliniuliza, "Mama, Adh-Dhuha maana yake nini?" Nilikosa la kumjibu. Sura ile naisalia tangu utotoni, wala sijui inasemaje. Nikatoa tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy tukaisoma pamoja. Tulipofika pale Mtume anapokumbushwa kuwa alikuwa yatima akapewa makao, akashtuka: "Kumbe ndivyo ninavyosema?" Usiku ule aliisoma tena na tena, hakuambiwa na mtu.

Baba yake anasema sote tulihifadhi kwanza, maana ikaja ukubwani. Kichwa cha mtoto kinanasa, akikua hakinasi tena. Hapo siwezi kumpinga. Marehemu bibi yangu wa Lamu alikuwa haoni tena, lakini Utendi wa Mwana Kupona, shairi la mama anayemuusia bintiye, alikuwa nao moyoni, beti 102, akatufundisha huku tukichambua mchele. Ila bibi alikuwa akisimama kwenye kila neno gumu. "Upulike, yaani usikilize," hutuambia, ndipo tuendelee. Beti zile ninazo hadi leo, na najua zinaniambia nini.

Nilimwendea maalim. Alinipokea kwa heshima, akasema ana watoto wengi, akisimama kueleza kila aya hawatamaliza Juzuu Amma, fungu la mwisho la Kurani. Nami nikifundisha nyumbani naogopa, kwa sababu sikusoma tafsiri kwa mwalimu. Nikimweleza mtoto kombo, dhambi ni ya nani?

Naomba ushauri wenu, hasa mliosomesha wana wenu. Nimpumzishe chuo kwa muda tufuate maana kwanza? Au aendelee kuhifadhi, nami nimweleze zile alizokwisha kuzimaliza tu? Jumamosi anatakiwa aisome Al-Layl mbele ya wenzake, na ameshaniambia haendi.

Mama wa watoto watatu,
Mombasa