Barua ya wazi kwa Waziri wa Pensheni wa Uingereza: nusu pauni yangu

Mheshimiwa Waziri,

Habari za kazi. Mimi ni mama wa Kitanga, naishi Leicester tangu Aprili 2016, kazi yangu usafi. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi, wa kukutafsiria hawakosi huko, na nataka wale ninaopanda nao basi la alfajiri waisome kabla yako.

Mei 2025 mwanangu alinifungulia kwenye simu ule ukurasa wa serikali wa makadirio ya pensheni. Juu, kwa maandishi makubwa, pauni 138.15 kwa wiki. Nikasema alhamdulillah, si haba. Mtoto akaendelea kushusha chini, akanyamaza kidogo, akasema mama, hii siyo uliyonayo, hii ni utakayopata ukiendelea kuchangia kila mwaka mpaka ufike 67, yaani 2039. Sasa hivi una miaka saba tu, na mtu mwenye chini ya miaka 10 ya michango ya NI (National Insurance, bima ya taifa) hapati hata peni moja.

Jamani! Kwa hiyo ile namba kubwa ni ya mtu ambaye hataumwa wala hatarudi kwao wala hatapunguziwa masaa kwa miaka 14 mbele, na mimi mgongo wangu naujua mwenyewe.

Lakini kilichonikaa rohoni ni kingine. Nimefanya kazi miaka tisa ya kodi mfululizo, saba imetoka wapi? Tukafungua rekodi mwaka mmoja mmoja, 2016/17 haujatimia, 2017/18 haujatimia. Nikaenda kabatini nikatoa bati la biskuti ninalowekea slipu za mshahara, nikazimwaga zote kitandani.

Mwaka 2017/18 asubuhi nilikuwa nasafisha ofisi, saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili, siku tano, ni masaa 15 kwa pauni 7.50, jumla 112.50 kwa wiki. Jioni nilikuwa na kampuni nyingine, tunapiga deki shuleni, masaa 14, pauni 105. Ukijumlisha ni 217.50. Sheria yenu inataka mshahara wa wiki ufike kima fulani (siyo ule mshahara wa chini wa saa) ndo mwaka uhesabiwe, na mwaka ule kima hicho kilikuwa pauni 113 kwa wiki, ila kila mwajiri anahesabiwa peke yake. Asubuhi nimepungukiwa nusu pauni, jioni nimepungukiwa nane, basi mwaka mzima nimeandikwa kama niliyelala nyumbani. Angekuwa bosi mmoja kanipa masaa yote 29 ningekuwa nimevuka mbali sana.

Kwetu haba na haba hujaza kibaba. Kwenu kila haba inapewa kibaba chake, na vyote viwili vinabaki nusu halafu mnavimwaga.

Mwaka uliofuata kima cha mshahara wa saa kikapanda kuwa 7.83, nikafika 117.45 na nyie mlikuwa mnataka 116, mwaka ukakubalika. Mopu ileile, ofisi zilezile, masaa yaleyale.

Mtasema miaka miwili ni kitu gani. Pensheni kamili mwaka 2025/26 ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki kwa aliyechangia miaka 35, kwa hiyo kila mwaka ulikuwa kama 6.58 kwa wiki. Miwili ni 13.16, kwa mwaka pauni 684, na ni kila mwaka mpaka Mungu atakaponichukua. Mimi nimeingia hapa na miaka 43, hiyo 35 siifikii hata nikimbie. Halafu kumbe kulikuwa na nafasi ya kununua miaka iliyopungua kuanzia 2006, ikafungwa tarehe 5 Aprili 2025, na sasa mtu anarudi nyuma miaka sita tu. Nimechelewa mwezi mmoja!

Na usidhani ni mambo ya zamani. Mwaka 2025/26 kima cha wiki kilikuwa pauni 125, mshahara wa chini 12.21 kwa saa. Mtu mwenye vikazi viwili vya masaa kumi kumi kwa wiki alipata 122.10 kila upande, na mwaka hakuhesabiwa. Kina mama wa hivyo ninao kwenye basi, wanajua wanafanya kazi, hawajui kama hawahesabiwi.

Kwa hiyo naomba mawili. Jumlisheni mishahara ya mtu mmoja, mnayo yote kwenye kompyuta zenu, na namba ya NI ni moja. La pili, pale juu wekeni kwanza kile mtu alichonacho leo, cha 2039 kikae chini. (La Tanga sitaliingilia, kwamba nikirudi kuzeekea huko pensheni inagandishwa pale ilipoanzia na haiongezwi tena, hilo lina barua yake.)

Slipu ziko kwenye bati, wiki kwa wiki, mkizitaka nazileta.

Mama msafishaji, Leicester