Mwachie hatua ya mwisho

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Unasema mwanao ametimiza miaka 2 na kila kitu ni "mwenyewe!", halafu akishindwa anajitupa chini na kulia. Usimwone mkaidi, tafadhali. Anataka kuweza, ila vitu vinavyomzunguka vimepimwa kwa watu wazima. Anza na vitu kabla hujaanza na mtoto.

Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyefungua shule ya watoto wadogo iliyoitwa Nyumba ya Watoto kule Roma mwaka 1907, alisisitiza meza na viti vya kimo cha mtoto, tena vyepesi, avihamishe mwenyewe. Kipimo ni rahisi: akikaa, nyayo zake zote mbili zikanyage sakafu. Miguu ikining'inia, nguvu zake zinakwisha kwa kujizuia asianguke, na mikono haitulii. Rafu iwe chini ya kidevu chake, na vitu visizidi sita au saba. Vikijaa, atavimwaga tu.

Sasa kumimina maji, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa. Tafuta jagi dogo la robo lita, lenye mpini na mdomo uliochongoka, utie mililita 100 tu. Kikombe kiwe kizito kidogo, vyote viwe juu ya sinia lenye kingo, na kitambaa pembeni. Mwonyeshe polepole, kimya: mkono mmoja kwenye mpini, wa pili ukilishikilia jagi kwa chini, mdomo wa jagi uwe juu kabisa ya kikombe, ndipo uinamishe. Ukisema huku unaonyesha, hajui atazame mikono yako au uso wako.

Maji yakidondoka kabla ya kufika kikombeni, jagi liko mbali. Yakitoka kwa kishindo, umelijaza mno. Kikombe kikipinduka, ni chepesi. Na ndiyo maana ya mililita 100: hata yakimwagika yote, kitambaa kimoja kinatosha na anafuta mwenyewe. Usimpe maharage wala shanga za kumimina kwa umri huu, zinaishia puani au kooni. Na penye maji usibanduke, hata kidogo.

Kwenye nguo, wazazi wengi humwachia mtoto mwanzo, nao wakamalizia. Geuza. Mvalishe suruali mpaka magotini, kupandisha iwe kazi yake. Akizoea, iache kwenye vifundo vya miguu. Mwishowe akae kwenye kigoda aingize miguu mwenyewe. Hivyo kila mara yeye ndiye anayemaliza, na utamu wa kumaliza ndio utakaomrudisha kesho. Chagua suruali ya mpira kiunoni, za vifungo zingoje. Utaona inapanda mbele na kukwama makalioni, kwa sababu mikono yote miwili imeshika mbele. Usiivute wewe. Chukua mkono wake mmoja uupeleke nyuma.

Kilicho kigumu kuliko vyote ni kungoja. Akihangaika, hesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kunyoosha mkono. Akiendelea kujaribu, hata kwa kuguna, mwache. Akigeuka kukutazama, ndipo umuulize, "Nikushikie hapa?" Umsaidie hapo tu, kisha mkono utoke. Na jambo la lazima usilifanye swali. Ukiuliza "Utaoga?" naye akasema hapana, umeshajifunga. Uliza: "Taulo hili au lile?"

Kuhusu kituo cha kulelea watoto unachotaka kumpeleka, usihukumu kwa picha za ukutani. Omba kufika saa watoto wanapotoka kucheza nje, usimame mlangoni utazame viatu. Kama mlezi anapita akivalisha mmoja baada ya mwingine ili watoke haraka, uliza wana dakika ngapi za kujiandaa. Watoto wa umri huo, wakiwa kundi, robo saa si nyingi.

Niandikie suruali imefika wapi.

Wako akupendaye